Mtambuzi wa Marungu

Kosa ninalotaka kuliweka wazi hapa si wizi wala uongo, ingawa vyote viwili vitatajwa. Ni kosa la mtu ajuaye mengi kushindwa kutamka neno moja: nimekosea. Sisi tuliosoma tunalifahamu vizuri kosa hili. Tunakaa nalo meza moja, na tunashika nalo kalamu nyekundu tunaposahihisha madaftari ya wengine. Mimi nililiona kwa ukamilifu wake ndani ya mtu mmoja niliyemheshimu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa kuwa namheshimu bado, sitamsitiri.

Pale Lemara, mtaani kwetu Arusha, tulimwita Mtambuzi. Habari za alikozaliwa na za ukoo wake naziacha. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ya misitu, na nilipohamia mtaa ule kufundisha sekondari alikuwa amekwisha kustaafu. Kazi ya moyo wake ilikuwa kukusanya marungu ya kale na kuyatambua: limechongwa kwa mti gani, limeshikwa kwa mkono upi, limekaa miaka mingapi karibu na moshi, na kama hadithi inayosimuliwa juu yake inalingana na linavyojionyesha lenyewe.

Chumba chake cha nyuma, ambacho katika nyumba nyingine kingekuwa cha wageni, kilijaa marungu yaliyoning'inizwa kwa kamba za ngozi, vichwa chini, bila hata moja kugusa ukuta. Aliwaogopa mchwa kuliko wezi. Kila rungu lilikuwa na kadi ya karatasi ngumu iliyofungwa kwa uzi, na juu ya kadi hizo, kwa mwandiko wa ofisini, aliandika alichokiona. “Mzeituni pori. Mkono wa kushoto. Mmiliki alikuwa mfupi.” Kadi nyingi zilikuwa na neno moja tu: “Sijui.” Neno hilo lilinivutia sana. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba yupo mzee mtaani kwetu ambaye ana ujasiri wa kuandika “sijui” na kulitundika mbele ya macho ya watu. Sikutambua wakati ule kwamba kusema “sijui” na kusema “nimekosea” ni ujasiri wa aina mbili, na kwamba mtu anaweza kuwa tajiri wa huu na fukara wa ule.

Namna yake ya kuchunguza ilikuwa ya kutisha kidogo. Hakuanza na macho. Alilipima rungu kwa kulilaza juu ya kidole kimoja mpaka litulie, akalinusa kuanzia kichwani hadi mwisho wa mpini, akaligonga kwa ukucha karibu na sikio, na mwisho akaligusa kwa ncha ya ulimi. Wakati huo wote mwenye rungu alisimama mbele yake kama mshtakiwa. Siku moja kijana anayeongoza watalii alimletea rungu alilouziwa kwa maelezo kwamba lilipigana vita na mababu. Mtambuzi akaliramba, akafikiri, kisha akasema kwa upole, “Majani ya chai. Na sukari hawakutia.” 

Lakini si kila kilichoharibiwa alikikataa, na hili nataka msomaji alishike. Mlinzi mmoja wa Njiro alikuwa akilinda lango kwa gongo refu, jembamba mpinini na nene mbele, lililozungushiwa mpira wa baiskeli. Mtambuzi aliliona akipita kwa miguu, akasimama, akarudi. Lilikuwa gongo la besiboli, mchezo ambao hapa kwetu wengi tunauona kwenye televisheni tu, na yeyote aliyelileta Arusha alikuwa ameondoka zamani na kulisahau. Akampa mlinzi rungu zuri jipya na tochi, akachukua lile gongo. Alilisoma kwa miezi. Kwanza alisema huo ni mti usioota kwetu, mwepesi na wenye nyuzi ndefu zilizonyooka. Unene wa mpini ukamwonyesha kuwa ni la zamani, kwa sababu ya siku hizi, alivyoona katika picha, yamekondeshwa sana mkononi. Kisha akautazama ule mviringo wa mwisho unaozuia mkono usiteleze, akaona umechongwa mfupi, karibu kulingana na mpini wenyewe. Alama ya kiwanda, iliyochomwa kwa chuma cha moto, ilikuwa imefutika kwa kuwa mlinzi alilikwangua gongo zima kwa kipande cha chupa “ili lipendeze”. Mgeni mmoja mpenda mchezo ule, aliyefikia hoteli ya jirani, aliletwa kulitazama. Naye alikusanya magongo kama hayo kwao. Alilipima, akaliinua kwenye mwanga, akakubaliana na Mtambuzi karibu katika kila jambo, kisha akasikitika: huko kwao, alisema, kosa kubwa la warithi ni kusafisha. Mtu anakuta gongo la babu yake jeusi kwa jasho na vumbi, anaona aibu, analipiga msasa, na hapo ameufuta ushahidi wote.

Mtambuzi alilirudia neno hilo mara nyingi. Alikuwa analijua. Alimwamini mlinzi aliyekwangua kwa chupa.

Uso wake mwingine ulikuwa wa kupendeza. Hakuuza hata rungu moja. Familia ikija kudai rungu la mzee wao, aliwauliza waeleze alama zake kabla ya kuingia chumbani. Wakieleza sawasawa, aliwafungulia, akaukata uzi, akawakabidhi kwa mikono miwili. Nilishuhudia mzee wa Kimeru akiondoka na rungu la baba yake akiwa amelikumbatia kama mtoto mchanga. Kanisani aliimba sauti ya nne na hakuchelewa ibada. Na mtu huyu, aliyeweza kugundua rangi bandia juu ya mti kwa kunusa, alipaka nywele zake rangi nyeusi kila mwezi, na hakuna aliyethubutu kumtania isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mchongaji wa pale Maji ya Chai. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, baada ya Tengeru, na kazi yake ilikuwa kutengeneza marungu mapya yaonekane ya kale. Aliyachemsha kwa makapi ya majani ya chai, akayazika ndani ya samadi, akayatundika juu ya moshi wa majani ya migomba. Mtambuzi alimdharau kwa dhati, akamwita Mpishi. Hata hivyo kila tulipopita huko alitaka tusimame.

“Mpishi, leo umeivisha nini?”

“Karibu, mzee. Kuna la babu yako hapa, bado la moto.” Kisha akamtazama nywele. “Naona na wewe hujambo kwa rangi. Unatumia ya unga au ya maji?”

Mtambuzi aligeuka akaenda zake. Mimi nilibaki nikamuuliza mchongaji kama haoni aibu kuwadanganya watu. Alinijibu bila hasira kwamba anayemuuliza umri wa rungu humwambia: la juzi. “Hawaulizi, Mwalimu. Wanaangalia, wanajiambia wenyewe.” Nililiona jibu hilo kuwa la ujanja, nikaondoka nikiwa nimeridhika na uadilifu wangu.

Sasa nije kwenye lile la Kisongo.

Mwaka juzi alifariki huko mzee aliyekuwa msemaji wa rika lake. Kwa Waarusha, msemaji wa namna hiyo hupewa rungu jeusi. Akilinyanyua katika kikao, wengine husikiliza. Baada ya maziko, kaka wa marehemu alikwenda kwa mjane kulichukua rungu liwekwe na ukoo. Alilolikuta halikufanana na lile alilolifahamu. Lilikuwa laini, lenye mng'aro, na lilinuka kama kitu cha dukani. Akahitimisha kwamba mjane ameliuza lile la kweli kwa wenye maduka ya vinyago mjini na kuweka jipya mahali pake. Mjane akakana. Ukoo ukamwita Mtambuzi aamue, naye akaniomba nimsindikize.

Tulikaa uani, ndege zikishuka chini chini kuelekea uwanjani, na kila moja ilipopita watu wote walinyamaza wakisubiri. Mjane alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa mwili, mwenye kitenge kilichopigwa pasi. Alisema jambo lake mara moja, bila kupamba. Wageni wa msiba walikuwa wanakuja, mchungaji naye alikuwa anakuja, na rungu lilikuwa limeganda masizi na mafuta tangu enzi za mkwewe. Aliona aibu. Akalisugua kwa sabuni na msasa, na lilipotoka jekundu akaogopa, akalipaka rangi nyeusi ya viatu. Hilo tu.

Mtambuzi alilinusa, akaligonga, akaliramba. Akatema pembeni.

“Mama,” alisema, “msasa huondoa uchafu. Hauondoi miaka. Rungu hili halijamaliza miaka mitano.”

Mjane alimtazama. “Mzee, umenisikia nilivyosema?”

“Nimekusikia. Nimelisikia na rungu pia.”

Wanaume wakaguna kwa kuridhika, maana lilikuwa jibu zuri. Mimi nami nililiona zuri. Kabla hatujaondoka, Mtambuzi aliomba kulichukua kwa wiki moja aandike maelezo yake, nao wakamruhusu.

Katikati ya wiki hiyo niliingia kwake bila kubisha hodi sawasawa. Alikuwa ameinama juu ya meza na lenzi yake, plaizi ikiwa kando. Aliponiona akalifunika rungu kwa taulo na kuanza kuniuliza habari za mitihani ya kidato cha nne. Nilijibu habari za mitihani. Wiki ilipokwisha alilirudisha Kisongo na hakusema neno jipya.

Yaliyompata mjane niliyasikia kwa vipande. Wifi zake waliacha kuingia kwake. Akimpelekea jirani maziwa, maziwa yalirudi. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Watoto walimwita Muuza Rungu, na wazazi wao hawakuwakataza. Mwishowe wanaume wa ukoo walikubaliana kwamba mwanamke aliyemuuza mumewe hana haki ya kukaa katika nyumba ya mumewe; atarudi kwao kabla ya mahindi ya masika kupandwa, na nyumba na shamba vitashikwa na shemeji yake, yule kaka wa marehemu. Alikuwa ameishi pale tangu akiwa bi harusi.

Mwezi wa pili mwaka huu Mtambuzi aliniita. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kiasi cha kutoweza kushika lenzi, na nywele, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, zilikuwa nyeupe. Hakunipa kiti. Alisema akiwa amegeukia dirisha:

“Mwalimu, lile rungu la Kisongo ni lenyewe.”

Nikamuuliza amejua lini.

“Wiki ile ile.”

Akanieleza. Shingoni mwa rungu, pale kichwa kinapokutana na mpini, palikuwa na ufa wa zamani ambao marehemu aliufunga kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko mingi iliyobanana. Msasa wa mjane haukuweza kupita chini ya waya. Nyumbani aliufungua mzunguko mmoja tu, akakuta ngozi ya zamani ya mti, nyeusi, yenye mafuta ya miaka mingi. Akaufunga tena.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa limepangwa kama hoja ya mtu aliyekaa nalo muda mrefu. Familia nyingi zilikuwa zimekubali maamuzi yake. Ndugu walikuwa wameacha kugombana kwa neno lake. Neno moja likianguka, yote yatatiliwa shaka, na ugomvi wote utafufuka. Alikuwa amenyamaza, alisema, kwa faida ya watu.

“Aliyeanguka ni yule mama,” nikamwambia.

Aliniomba niandike barua kwa ukoo. Iseme kwamba dalili mpya zimejitokeza na rungu linastahili kuchunguzwa tena. Niliweka kalamu mezani. Nilimwambia kwamba dalili hizo si mpya, na kwamba sitaandika sentensi ambayo ningeikata kwa wino mwekundu katika daftari la mwanafunzi. Tutakwenda. Akasema mikono yake haitaweza kufungua waya ule mbele ya watu, na fundi wa umeme ataukata na kuuharibu. Anatakiwa mtu anayejua mti.

Sote wawili tulimjua mtu huyo, na hakuna aliyetaka kumtaja. Kesho yake nilikwenda Maji ya Chai. Nilimwambia mchongaji kuna rungu la zamani la kufunguliwa waya, basi. Sikumwambia zaidi. Akakunja zana zake katika kitambaa, akaja.

Tulifika Kisongo siku ambayo kikao kilikuwa kimekaa kwa ajili ya mjane kukabidhi nyumba. Mizigo yake ilikuwa tayari mlangoni: sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Tuliwaamkia, tukaitikiwa kwa ubaridi. Mchongaji hakuna aliyemwamkia. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, akachuchumaa karibu na ukuta kama mtu aliyekuja kurekebisha bomba.

Mtambuzi alisimama. Nilijua alichopaswa kusema, na nilijua kwamba anajua kuwa najua. Alisema kwamba amekuwa akilifikiria rungu lile. Kwamba mwenye busara hurudia kazi yake. Kwamba angependa, kwa ruhusa ya wazee, waya ule ufunguliwe.

Manung'uniko yakaanza. Waya ule ulikuwa wa marehemu, hata kama mjane aliuhamishia rungu jingine kama walivyoamini, na kuufungua ilikuwa kama kumvua nguo. Shemeji alisema kama chini yake hakuna kitu, watakuwa wamedhalilishwa mara ya pili, na kila aliyeletwa siku hiyo atajibu. Alimtazama mchongaji aliposema hivyo. Ndipo mjane, ambaye hakuwa ameketi, akasema, “Ufungueni. Mimi sina tena cha kuogopa.”

Mchongaji alilipokea rungu, akaligeuza mara moja tu, akaanza. Alifungua mzunguko mmoja mmoja, akiuwekea kidole usiruke. Ndege ilipita. Hakuna aliyeinua uso. Waya ulipokwisha kutoka, alilinyanyua rungu lielekee jua: mpini mzima ulikuwa na ule mng'aro wa viatu, na shingoni, upana wa vidole viwili, kulikuwa na mkanda wa weusi mwingine kabisa, mzito, uliofifia, wenye nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino.

“Mimi natengeneza weusi,” alisema. “Huu siwezi kuutengeneza. Hakuna anayeweza.”

Wazee walilipitisha mkono kwa mkono. Mmoja alilinusa, akafumba macho. Shemeji alilishika kwa muda mrefu kuliko wote, na aliponyanyua uso hakumtazama mjane. Alimtazama Mtambuzi, akasema kwa sauti ya mtu aliyepata mlango wa kutokea, “Mzee, hata ugonjwa haujakuondolea macho. Leo umeona kisichoonwa na yeyote.”

Mtambuzi akainamisha kichwa, kama mtu anayepokea shukrani. “Leo,” alisema. “Ndiyo. Leo.”

Nami, niliyejua, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mama amekwisha kupona, kwamba si adabu kumwaibisha mzee mgonjwa hadharani. Niliuita ukimya wangu heshima. Ulikuwa kosa lile lile, limevaa tai.

Mchongaji alikuwa bado amechuchumaa, ameulaza waya kwenye kiganja.

“Samahani, wazee wangu,” alisema. “Sipendi kuchukua kazi ya mwenzangu. Waya huu mimi si wa kwanza kuufungua. Angalieni, kote umeota kutu ya kijani. Mzunguko huu wa mwisho hauna, na meno ya plaizi yapo. Kuna mtu aliangalia kabla yangu. Si zamani sana.”

Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba. Kila mtu pale alikuwa na hesabu moja ya kufanya, na ilikuwa rahisi, kwa sababu rungu lile lilikuwa limetoka nje ya ukoo kwa wiki moja tu na kwenda kwenye nyumba moja tu.

“Ni mimi,” alisema Mtambuzi.

“Lini?” shemeji akauliza.

“Wiki niliyolichukua.”

“Ukaona hivi tulivyoona sasa?”

“Niliona. Nilikuwa nimekosea, na niliona kwamba nimekosea.” Macho yake yalikuwa juu ya rungu.

Mjane akasogea mpaka akasimama kati yake na rungu.

“Unaliambia rungu,” alisema. “Niambie mimi.”

Ilimchukua muda kunyanyua uso. Nimewaona watu wakibeba magunia kwa taabu ndogo kuliko ile. “Mama,” alisema, “ulisema kweli siku ile ya kwanza. Nilikosea, kisha nikajua, kisha nikanyamaza. Hukuuza kitu.”

Hakumjibu kwamba amemsamehe, na sidhani alipaswa kumjibu hivyo. Alimgeukia shemeji yake, akasubiri, mpaka shemeji akaliweka rungu mikononi mwake na kusema kwamba habari ya nyumba imekwisha, haitarudiwa. Wanaume wawili wakainuka bila kuambiwa, wakaanza kurudisha godoro ndani.

Mtambuzi alikuwa ameketi, amejikunja, na kwa mara ya kwanza aliniangalia kama mtu anayeona afadhali. Sijamwona tena akimtambulia mtu rungu, wala hajaombwa.

Mchongaji alikuwa ameufunga waya mahali pake, amekunja zana zake na kuanza kuelekea barabarani. Mjane akamwita. Akamuuliza jina lake nani, apate kumshukuru kwa jina. Hapo nikatambua kwamba Mtambuzi alimwita Mpishi miaka yote ile, na kwamba mimi, mwalimu, nilimpandisha gari asubuhi bila kumuuliza. Alisimama, akapangusa vumbi usoni kwa mkono wa shati, akalitaja.

Elirehema.